Prado, Loiyangalani na Chalbi: winchi mnaihitaji kweli?

SWALI: Mimi, mke wangu na ndugu zangu wawili tunataka kutoka Nakuru mwezi wa Januari, tupitie Maralal na Baragoi hadi Loiyangalani, tuvuke jangwa la Chalbi mpaka Marsabit, kisha turudi kwa lami ya Isiolo. Tuna Prado 120 ya dizeli na siku nane, na tutalala kwenye mahema. Kila tunayemuuliza anatuambia tununue winchi, ile mashine ya mbele ya gari inayolivuta kwa waya likikwama, na tuinue gari kwa springi ndefu. Ni lazima? Na ni kitu gani hasa huwaharibia watu safari hii? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu, winchi msinunue. Kuinua gari nako kunaweza kungoja. Pesa hizo zipelekeni kwenye matairi, shokabzoba za nyuma na siku mbili za ziada. Barabara ya kwenda Ziwa Turkana haiwashindi watu kwa sababu injini imekosa nguvu. Huwashinda kwa uzito, kwa mawe na kwa haraka.

Anzeni na uzito, maana ndio unaoamua mengine yote. Prado kama yenu hubeba kilo 500 hadi 600 hivi, abiria wakiwemo. Watu wazima wanne ni kama kilo 300. Maji lita 90 ni kilo 90. Dizeli ya akiba lita 60 ni kilo 50. Tairi la pili la spea ni kilo 35, jeki na vifaa vya ufundi kilo 35 nyingine. Vyakula, sufuria na gesi ni 40, mahema na matandiko ni 40. Jumlisheni: 590. Gari limeshajaa, na hapo hamjaweka kiti cha kukalia, sanduku la barafu wala begi la nguo. Winchi pamoja na bampa yake ya chuma huongeza kilo 80 au zaidi mbele kabisa ya gari, mahali ambapo springi tayari zina kazi. Na ukikwama katikati ya Chalbi utaifunga kwenye nini? Hakuna mti, hakuna jiwe, ni uwanda mtupu hadi macho yanapoishia. Sepetu mbili, mbao mbili za kuchomeka chini ya magurudumu na gari la pili lenye kamba ya kuvutia vitawatoa mahali pengi ambapo winchi isingefua dafu.

Gari la pili nimelitaja makusudi. Kama kuna rafiki mwenye gari imara anayetaka kwenda, mshawishini. Mtagawana mizigo, na gari moja likivunjika mtu hatakaa siku mbili jangwani akingoja lori la mifugo lipite.

Matairi sasa. Kutoka South Horr kushuka ziwani mnaingia kwenye mawe meusi ya volkano, yenye kingo kali kama kioo kilichovunjika. Msumari hutoboa tairi mahali pa kukanyagia, na tundu hilo huzibika. Jiwe la volkano hupasua ubavu, na ubavu hauzibiki kwa kijiti cha mpira. Ndiyo maana spea moja haitoshi: bebeni mbili zenye rimu zake. Nunueni matairi ya kazi nzito yenye ubavu mnene, yale ya ply 8 au 10 (kipimo cha uimara wa tairi), si ya barabara ya mjini hata kama kashata zake bado ni ndefu. Angalieni umri. Ubavuni kuna tarakimu nne, na 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka sita liacheni nyumbani, kwa kuwa mpira wake umeshakakamaa na joto la kule litalimaliza.

Watu hukosea zaidi kwenye upepo. Mmoja huacha tairi gumu kama alivyotoka nalo kwenye lami, kila jiwe likapiga gari kama nyundo. Mwingine amesikia kwamba kule watu hupunguza upepo, akapunguza mno, ubavu ukatuna nje na kujikabidhi kwa mawe. Kwa gari lililojaa kama lenu, pimeni asubuhi matairi yakiwa baridi. Kwenye lami wekeni psi 35 mbele na 38 nyuma. Kwenye changarawe shukeni hadi 28 na 32. Kwenye mawe ya volkano bakini kwenye 28 hadi 30 pande zote, na mwendo uwe kilomita 15 hadi 20 kwa saa, hata kama aliye nyuma yenu anapiga honi. Mchanga wa laga, yaani mto mkavu, unataka 18, na mkikwama teremkeni hadi 16. Mkitoka mchangani jazeni tena kabla ya kuongeza mwendo, kwa sababu tairi lililolegea likikimbizwa hupata moto ndani na kupasuka. Tairi likishapata moto barabarani upepo wake hupanda wenyewe kwa psi 4 hadi 6. Hilo ni la kawaida, msilipunguze mkiwa lamini.

Kwa kazi hiyo mnahitaji pampu ya umeme wa gari, kipimo cha upepo cha kuaminika, vijiti vya mpira visivyopungua 20 na tubu moja ya saizi ya matairi yenu. Tubu ni ya siku mbaya: ubavu umepasuka, spea zote mbili zimeshatumika, mnashona kiraka kinene kwa ndani, mnaweka tubu, mnatambaa hadi mji ulio karibu. Chini ya jeki wekeni kibao kigumu cha sentimita 30 kwa 30, unene wa sentimita 4, la sivyo jeki itazama mchangani badala ya kuinua gari.

Makunyanzi ya barabara, yale yaliyojipanga kama bati, huua shokabzoba. Mafuta ndani yake huchemka na kufanya povu, halafu gari huanza kudunda na kupepesuka kwenye kona. Kama za kwenu zimeshavuja au zimekula kilomita nyingi, badilisheni za nyuma kabla ya kuondoka na mbebe moja ya akiba. Nendeni kilomita 40 hadi 50 kwa saa. Ni kweli ukikimbia 70 gari hutulia kwa sababu linaruka juu ya makunyanzi, lakini gari linaloruka halishiki breki wala usukani, na ngamia hatoi taarifa kabla ya kuingia barabarani. Kila baada ya saa moja simameni dakika kumi, shokabzoba zipoe.

Kila jioni, kabla ya chai, mtu mmoja azunguke gari akiwa na spana namba 10, 12, 14, 17 na 19. Atikise betri, shikio la rejeta, keria ya juu, ekzosi na boliti za shokabzoba, na akaze nati za magurudumu. Boliti iliyolegea jioni hukazwa kwa dakika mbili, lakini ikidondoka saa nne asubuhi ya kesho yake inakula siku nzima. Chujio la hewa likung'uteni vumbi kila siku, na mbebe jipya moja.

Injini yenu ina ugonjwa wake, na hapa sikilizeni kwa makini. Dizeli ya kisasa ya Toyota husukuma mafuta kwenye nozeli kwa shinikizo kubwa mno, na tone la maji au uchafu huziharibu. Land Cruiser za zamani mnazoziona kule hunywa dizeli ya pipa na kuendelea. Yenu haiwezi. Kwa hiyo jazeni Maralal kwenye kituo kinachouza sana, na msiguse mafuta ya pipa mpaka Marsabit. Kutoka Maralal hadi Marsabit kwa kupitia Loiyangalani, North Horr na Kalacha ni kama kilomita 550. Gari lililojaa kwenye mchanga na mawe litakwenda kilomita 5 kwa lita, kwa hiyo mtahitaji lita 110. Tangi lenu ni lita 87. Ongezeni jerikeni tatu za chuma za lita 20, mtakuwa na akiba ya kupotea njia na kurudi. Msizijaze hadi mdomoni, maana dizeli hutanuka kwenye joto. Bebeni chujio mbili za mafuta, na kabla ya kuondoka mfundishwe na fundi wenu jinsi ya kutoa maji chini ya chujio.

Vipuri vingine havihitaji hadithi ndefu: fenibelti, mipira ya juu na ya chini ya rejeta na klipu zake, maji ya rejeta lita 5, oili lita 5, nusu lita ya mafuta ya breki, fyuzi, nati chache za magurudumu, waya wa kufungia, gundi ya chuma, utepe mpana na nyaya za kuwashia gari kwa betri nyingine. Maji na dizeli visikae juu ya keria. Keria nyingi za kule huvunjikia kwenye makunyanzi, na gari lenye uzito juu hulala upande kirahisi kwenye ukingo wa laga.

Njia yenyewe. Nakuru hadi Maralal ni lami kupitia Nyahururu na Rumuruti, na ni safari ya nusu siku. Maralal iko juu na usiku wake ni wa baridi kali, kwa hiyo msidanganyike na jina la jangwa mkaacha masweta. Muda ukibaki, tazameni nyumba alimozuiliwa Jomo Kenyatta mwaka 1961. Siku ya pili ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Mtapita Poror na mashamba yake ya ngano, mshuke polepole hadi Baragoi, kisha South Horr, ambayo iko bondeni chini ya mlima Nyiru. Ni kilomita 140 hivi, na zitakula siku nzima. Laleni South Horr, kuna miti ya kivuli na maji.

Kuhusu laga: msipige hema ndani yake kamwe. Mchanga ni laini na kivuli kinavutia, ndiyo, lakini mvua ikinyesha mlimani kilomita 50 kutoka mlipo, maji hufika usiku chini ya anga lenye nyota. Kabla ya kuvuka, mmoja ashuke na kutembea ng'ambo hadi ng'ambo. Fungeni difu ya kati, ili magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke pamoja, kabla magurudumu hayajaingia mchangani, si baada ya kukwama, mwende kwa mwendo mmoja bila kusita. Gari likianza kuzama, ondoa mguu kwenye mafuta. Kila sekunde ya kuzungusha magurudumu ni dakika kumi za sepetu.

Siku ya tatu mtapita Sarima, penye mitambo 365 ya kuzalisha umeme wa upepo, mradi ulioanza kazi rasmi mwaka 2019. Ukumbukeni mradi huo kwa sababu mbili. Kwanza, ili kuleta mitambo hiyo ilitengenezwa barabara ya changarawe ya kilomita 208 kutoka Laisamis. Hiyo ndiyo njia yenu ya kutokea iwapo Chalbi itafungwa na mvua, maana Laisamis iko kwenye lami ya Marsabit–Isiolo. Pili, mitambo haikuwekwa pale kwa bahati. Upepo hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu, ukapita hapo kama mtoni, na huvuma kwa nguvu zaidi kuanzia usiku hadi asubuhi.

Maana yake kwa mahema ni hii. Hema la juu ya gari litawapigia ngoma usiku kucha, na fito zake huenda zisione asubuhi. Chukueni hema fupi la chini, mlango uelekee upande usio na upepo, gari liegeshwe kama ukuta. Vigingi haviingii kwenye ardhi ile ya kokoto, kwa hiyo fungeni kamba kwenye mawe makubwa, na jiwe la pili likalie la kwanza. Moto wa kuni msiwashe hovyo, kwani cheche moja hufika kwenye nyumba za makuti na nyasi kabla hamjainuka. Gesi ya kilo 6 yenye kichwa chake yawatosha wanne kwa safari yote, ikiwa maharagwe na dengu mmevichemsha nyumbani.

Loiyangalani wenyeji hutafsiri kuwa mahali pa miti mingi, na mikoma yake ndiyo kivuli cha kwanza mtakachokiona baada ya mawe. Kaeni siku mbili. Gari linahitaji kupumzika, na nyinyi pia. Kuna jumba la makumbusho juu ya ziwa, kuna vijiji vya Waelmolo, na samaki wabichi, ngege na mbuta, ambao hamtapata walio wabichi kuliko hao. Ziwani msioge mpaka mwenyeji awaonyeshe pa kuogea, kwa kuwa mamba ni wengi. Maji yake yana magadi na floridi. Kuyachemsha hakuondoi chochote katika hivyo, wala chujio la kawaida haliondoi. Tumieni ya chemchemi, yachemsheni.

Hesabu ya maji kwa joto la digrii 40: lita 5 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, 2 za kupikia na kunawia. Wanne ni lita 28. Msianze kipande chochote mkiwa na chini ya siku tatu, kwa hiyo jerikeni nne za lita 20 na chupa za lita 10 ndani ya gari. Mtu akianza kuumwa kichwa, akaacha kutoa jasho na kusema maneno yasiyounganika, hizo ni dalili za kuzidiwa na joto: mlazeni kivulini, mloweshe nguo, mpepeeni, tafuteni msaada. Aliyeishiwa maji mwilini tu mpeni lita moja ya maji safi yenye vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Usiku vaeni viatu vilivyofunika mguu na mshike tochi. Nge na nyoka wako pale, nao hupenda joto la mawe. Viatu vikung'uteni kila asubuhi.

Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale. Ikikauka ni ngumu, nyeupe na rahisi kuliko barabara zote mlizopita, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Ganda la chumvi huweza kufunika matope, na gari huvunja ganda na kukaa kwa tumbo. Fuateni nyayo za magari zilizokwishakanyagwa sana, msikate njia kuelekea panapong'aa. Mkiwa na shaka, shukeni mchome kwa fimbo: ikiingia sentimita 10 bila kushindana, geukeni. Mvua iliyonyesha Marsabit au milima ya Huri hushuka Chalbi hata kama Chalbi yenyewe haikupata tone. Kwa hiyo ulizeni North Horr, kwa dereva wa lori aliyetoka Kalacha au Maikona siku hiyo au jana yake. Januari mmechagua vizuri, mvua za vuli kwa kawaida zimekwisha, lakini kawaida haivuki jangwa kwa niaba yenu. Kalacha pana chemchemi na mikoma ya kulalia. Maji yake yana magadi kiasi, kwa hiyo yatumieni kunawia, mnywe yenu.

Usalama siwezi kuupamba. Njia ya Maralal hadi South Horr hupita eneo la wizi wa mifugo, na Samburu ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizotangazwa kuwa zenye usalama tete mwaka 2023. Mwaka 2012 zaidi ya polisi 40 waliuawa bonde la Suguta, karibu na Baragoi, wakifuatia mifugo iliyoibwa. Mgeni kwa kawaida si mlengwa, ila risasi haiulizi kabila. Ingieni kituo cha polisi Maralal siku ya kwanza, semeni mnakwenda wapi na mtafika lini, na mrudie hivyo Baragoi, Loiyangalani na North Horr. Wakiwaambia mngoje, ngojeni. Wakiwaambia mchukue askari wa akiba, mtafutieni nafasi ya kukaa. Baada ya saa kumi jioni msiwe njiani. Mkifika penye manyatta, tafuteni mzee kabla ya kushusha hema, muulize wapi mnaruhusiwa kulala na ni kiasi gani. Kisimani mifugo hutangulia, na hakuna kufua wala kuoga karibu na maji ya watu. Picha huombwa.

Simu hushika mijini, katikati hakuna kitu. Kodisheni kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, na mjiunge mapema na mpango wa ndege za wagonjwa wa AMREF Flying Doctors. Viwanja vidogo vya ndege viko Loiyangalani, North Horr, Kalacha na Marsabit, andikeni hayo kwenye karatasi pembeni ya dereva.

Siku nane zinatosha tu ikiwa hakuna kitakachoharibika, nami singepanga hivyo. Fanyeni kumi: moja Maralal, moja South Horr, mbili Loiyangalani, moja North Horr au Kalacha, mbili Marsabit, moja Isiolo au Nanyuki, na mbili zisizo na kazi yoyote, mzitumie zitakapohitajika. Kama likizo haiongezeki, iacheni Chalbi, mrudi kwa Sarima na Laisamis. Itakuwa safari kamili bado.

Marsabit mtaikuta na ukungu wa asubuhi, msitu na baridi inayoshangaza baada ya Chalbi. Pana mafundi, vituo vya mafuta na kambi ndani ya hifadhi, ambayo malipo yake hufanywa kupitia eCitizen. Kabla ya kushika lami ya Isiolo, lipandisheni gari kwenye shimo la fundi: aangalie bushi, mipira ya breki, springi na mbavu za ndani za matairi, zile msizoziona mkiwa mmesimama. Tairi lenye jeraha lililoonyesha nyuzi liwe spea, lisikae mbele. Fungueni difu ya kati, kisha jazeni upepo, 35 mbele na 38 nyuma, ndipo mwondoke.